Sababu ya mstari mmoja: jinsi tulivyopinga tuzo ya zabuni ya madarasa

Barua iliyotunyima kazi ya kujenga madarasa manane na matundu kumi na sita ya vyoo ilikuwa na aya tatu fupi. Aya ya kwanza ilitushukuru kwa kushiriki, ya pili ilitaja jina la kampuni iliyokusudiwa kupewa kazi, bei ya mkataba na muda wa kuukamilisha, na ya tatu ilisema kwamba zabuni yetu haikufaulu kwa kuwa "haikukidhi vigezo vya kiufundi". Hapakuwa na neno jingine, isipokuwa sahihi na mhuri. Nimeihifadhi nakala ya barua hiyo kwa miaka yote hii, na kila ninapokutana na mkandarasi mdogo anayelalamika kwamba ameonewa katika zabuni ya serikali, swali langu la kwanza kwake huwa ni lile lile: walikupa sababu gani, na walikupa lini?

Mimi ni mkadiriaji majenzi, yaani mtu wa kupima kazi za ujenzi na kukadiria gharama zake. Wakati huo, mwaka 2018, niliajiriwa na kampuni ndogo ya ujenzi mjini Iringa, iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi katika madaraja ya chini ya orodha ambayo huanzia daraja la kwanza kwa makampuni makubwa na kuishia la saba kwa sisi wengine. Mwenye kampuni, ambaye wote tulimwita Mzee, alianza maisha akiwa fundi mwashi, akapanda taratibu hadi akamiliki mashine mbili za kuchanganyia zege na lori moja. Zabuni yenyewe ilitangazwa na halmashauri moja iliyo mbali na mji wetu, ambayo sitaitaja, kwa sababu watu waliohusika wengi wameshahama na kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza halihusu halmashauri hiyo peke yake.

Watu ambao hawajawahi kuandaa zabuni hudhani kwamba ni kujaza fomu na kuandika bei. Kazi ile ilinichukua karibu wiki tatu. Nilisafiri hadi eneo la ujenzi kuona udongo, mteremko na njia ya kupitishia malighafi, nikauliza bei ya mchanga kwa wenye malori wa pale pale badala ya kukisia kwa bei ya Iringa, nikahesabu upya kila kipengele cha mchanganuo wa vifaa na gharama, kuanzia kuchimba msingi hadi rangi ya mwisho. Mzee alikwenda benki mara nne kutafuta barua ya kuthibitisha uwezo wa kifedha. Tulitafuta vyeti vya mafundi sanifu, mikataba ya kazi za nyuma, hati za makabidhiano, uthibitisho wa kodi, na hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili. Gharama zote hizo mzabuni huzibeba mwenyewe, akishinda au akishindwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Anachodai yeye ni kwamba kazi yake isomwe kwa vigezo vile vile alivyopewa wakati anaiandaa.

Siku ya kufungua zabuni nilikuwepo. Bei zilisomwa kwa sauti mbele yetu wote, kama sheria inavyotaka, na bei yetu ilikuwa ya chini kuliko ya kampuni iliyokuja kupendekezwa kwa tofauti ya shilingi milioni 31. Ni lazima niseme hapa, kwa kuwa ndipo wengi wanapokosea, kwamba bei ya chini inayosomwa siku ya ufunguzi haimpi mtu haki ya kupata kazi. Tuzo hutolewa kwa zabuni iliyopita katika tathmini yote, yaani iliyokidhi masharti ya awali, ya kiufundi na ya kifedha, na hapo ndipo bei ya chini inapohesabika. Anayekwenda kulalamika akiwa na hoja moja tu kwamba "bei yetu ilikuwa ndogo" ameshindwa kabla hajaanza.

Barua ile ilitufikia siku ya Alhamisi, tarehe 19 Aprili. Juu yake ilikuwa imeandikwa tarehe 12 Aprili. Aliyeileta alikuja na kitabu cha dispachi, ambacho mpokeaji husaini kuthibitisha kwamba amekabidhiwa barua, na mhasibu wetu, mama mmoja makini sana ambaye hakuwahi kusaini chochote bila kuandika siku na saa, alisaini na kuandika tarehe ya siku hiyo kwa wino mwekundu. Nitarudi kwenye wino huo.

Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, iliyokuwa ikitumika wakati huo, taasisi nunuzi, yaani taasisi ya umma iliyotangaza zabuni, haikuruhusiwa kumpa mtu mkataba kimya kimya. Ilipaswa kwanza kutoa notisi ya kusudio la kutoa tuzo kwa wazabuni wote walioshiriki, halafu isubiri. Mwanzoni kipindi hicho cha kusubiri kilikuwa siku 14, na marekebisho ya mwaka 2016 yakakipunguza kuwa siku saba za kazi. Katika siku hizo mzabuni asiyeridhika huwasilisha malalamiko yake kwa maandishi kwa afisa masuuli wa taasisi husika, ambaye kwa halmashauri ni mkurugenzi, naye akapewa siku saba za kazi za kujibu. Mzabuni asiporidhika na jibu, au asipojibiwa kabisa, alikuwa na siku saba nyingine za kazi za kukata rufaa katika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Na kanuni za mwaka 2013 zilisema wazi kwamba notisi ya kusudio itaje mambo matatu: jina la anayekusudiwa, bei na muda wa mkataba, na sababu za wengine kutofaulu.

Ni hilo la tatu ambalo barua yetu ililitimiza kwa mstari mmoja. Vigezo vya kiufundi katika nyaraka zile vilikuwa zaidi ya kumi. Kumwambia mzabuni kwamba hakukidhi "vigezo vya kiufundi" bila kutaja ni kipi, na kwa nini, ni sawa na kumtaka mtu ajitetee kwa shitaka asilosomewa. Nilikwenda mwenyewe hadi ofisi za halmashauri siku ya Jumatatu. Kijana wa kitengo cha ununuzi alinipokea kwa heshima, akanikaribisha kiti, akaniambia kwa upole kwamba ripoti ya tathmini ni siri na kwamba yeye hana mamlaka ya kuniongezea neno. Kuhusu ripoti kuwa siri alikuwa sahihi. Lakini usiri wa ripoti umewekwa ili kulinda mchakato na taarifa za wazabuni wengine, na haumzuii mtu kuelezwa kasoro ya zabuni yake mwenyewe.

Jioni ile nilipokea simu kutoka kwa mtu mwingine wa ofisi hiyo hiyo. "Dada yangu," aliniambia, "haya mambo ukiyapeleka kwenye karatasi yanakuwa makubwa. Kazi bado zipo nyingi mwaka huu. Mwambie Mzee avute subira." Hakutisha wala hakuahidi jambo la wazi, na ninaamini hata leo kwamba mwenyewe alidhani anatusaidia. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaenda kumweleza Mzee.

Mzee hakutaka tulalamike. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Binti yangu, mwenye nguvu mpishe. Mimi nimekula mkate wa halmashauri kwa miaka ishirini. Nikimshitaki anayenipa mkate, kesho nitakula wapi?" Sikuweza kumbeza kwa hilo. Hofu hiyo ndiyo inayowanyamazisha makandarasi wengi wadogo kuliko kutojua sheria, na mtu asiyewahi kusubiri malipo ya cheti cha kazi kwa miezi minane, akiwa na vibarua mlangoni, hana haki ya kuiita woga. Nilichomweleza ni kwamba malalamiko hayo si mashitaka. Afisa masuuli anaombwa na sheria yenyewe aangalie upya uamuzi wa watu wake kabla haujawa mkataba, na wakaguzi wakija baadaye watataka kuona kama aliangalia. Nikamwambia pia kwamba tukinyamaza, mradi ujao watatuandikia mstari ule ule, kwa kuwa ule mstari umefanya kazi. Alikaa na jambo hilo usiku kucha. Asubuhi alinipigia saa kumi na mbili, kabla sijamwamkia akasema, "Andika. Lakini andika kwa adabu."

Niliandika kwa adabu, na ninamshukuru kwa neno hilo, kwa kuwa nimeona malalamiko mengi baada ya hapo yakiharibiwa na hasira. Mtu huandika kurasa sita za kutuhumu rushwa asiyoweza kuithibitisha, na hoja yake moja ya kweli, iliyo kwenye ukurasa wa tano, inazama humo. Barua yetu ilikuwa na hoja mbili tu. Ya kwanza ilisema kwamba notisi haikutoa sababu kama kanuni zinavyotaka, na ikaomba sababu mahususi. Ya pili ilipitia kila kigezo cha kiufundi kilichomo kwenye nyaraka za zabuni na kutaja ukurasa wa zabuni yetu ambapo kigezo hicho kimejibiwa. Tuliiwasilisha tarehe 25 Aprili na kugongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Kwa hesabu yangu tulikuwa na muda hadi tarehe 2 Mei, kwa sababu katikati kulikuwa na Sikukuu ya Muungano, Jumamosi na Jumapili mbili, na Mei Mosi, lakini sikutaka kuutegemea muda huo wote.

Jibu lilikuja Jumanne, tarehe 8 Mei, siku ya mwisho kabisa, na ndipo tulipoijua sababu kwa mara ya kwanza. Nyaraka za zabuni zilitaka mzabuni awe ametekeleza, katika miaka mitano iliyopita, mikataba isiyopungua miwili ya ujenzi wa majengo yenye asili na ugumu unaofanana na kazi inayotangazwa. Sisi tuliwasilisha miwili: madarasa ya shule ya msingi na bweni la wasichana la shule ya sekondari. Kamati ya tathmini iliukubali wa kwanza na kuukataa wa pili, ikisema kwamba bweni si jengo la madarasa.

Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nitaomba uvumilivu wa msomaji ambaye si mtu wa ujenzi, kwa sababu suala zima limelala hapa. Darasa na bweni lisilo la ghorofa katika shule zetu ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili huanza na msingi wa mawe au zege, huinuliwa kwa tofali, hufungwa kwa linta na mkanda wa zege, huezekwa kwa kenchi za mbao na mabati, hupigwa plasta, sakafu na rangi. Ukitaka kuona ni lipi gumu zaidi, bweni ndilo, kwa kuwa ndani yake kuna mabafu, mabomba ya maji safi na maji taka, na umeme wa vyumba vingi. Mtu aliyejenga bweni bila kasoro hashindwi kujenga darasa. Nyaraka zingeweza kusema "mikataba miwili ya ujenzi wa madarasa", na kama zingesema hivyo tungejua mapema kwamba hatufai na tusingetumia wiki tatu na nauli zetu. Hazikusema. Zilisema majengo yenye asili na ugumu unaofanana. Kamati iliingiza neno ambalo halikuwemo, na ililiingiza baada ya bahasha kufunguliwa na bei kujulikana.

Kanuni kwamba tathmini ifuate vigezo vilivyotangazwa, na hivyo tu, ndiyo roho ya sheria yote ya ununuzi. Kigezo kinachozaliwa wakati wa tathmini, hata kikiwa kizuri na hata kikitungwa na watu waaminifu, kina ubaya usioweza kutibiwa, kwamba aliyekitunga ameshaona ni nani kitamwangusha. Sikuwahi kudai kwamba wajumbe wa kamati ile walihongwa. Sina ushahidi huo, wala sikuuhitaji.

Tulikuwa na siku saba za kazi. Mzee aliuliza kama tunahitaji wakili, tukakubaliana kwamba nitaandika mwenyewe na wakili mmoja rafiki wa familia atapitia. Rufaa ilipelekwa Dar es Salaam, ambako Mamlaka ilikuwa na ofisi zake wakati huo, tarehe 15 Mei, pamoja na ada yake. Kuanzia hapo mchakato wa zabuni ulisimama kusubiri uamuzi, na Mamlaka ilikuwa na siku 45 za kuutoa.

Siku ya kusikilizwa tulipanda basi la alfajiri siku moja kabla, mimi, Mzee na mhasibu wetu aliyebeba faili kifuani kama mtoto. Tangu Kitonga hadi Mikumi Mzee hakusema neno. Chumba cha kusikilizia hakikuwa mahakama kama nilivyokiogopa. Kilikuwa na meza ndefu, wajumbe waliokwisha kusoma kila karatasi, na upande wa pili mwanasheria wa halmashauri pamoja na mkuu wa kitengo cha ununuzi, ambaye alinisalimia vizuri.

Jambo la kwanza walilofanya ni kuweka pingamizi la awali kwamba malalamiko yetu kwa afisa masuuli yalichelewa. Notisi, walisema, ilikuwa ya tarehe 12 Aprili, kwa hiyo siku saba za kazi ziliisha tarehe 23, na sisi tuliwasilisha tarehe 25. Niliposikia hayo niliona kazi yote inaporomoka, kwa maana pingamizi la muda likikubaliwa hakuna anayesikiliza habari za bweni wala darasa. Ndipo mhasibu wetu alipofungua faili na kutoa nakala ya ukurasa wa kitabu cha dispachi, aliyoiomba na kuipata siku ile ile alipopokea barua, yenye tarehe 19 Aprili kwa wino mwekundu na sahihi yake pembeni. Sheria ilihesabu muda tangu mzabuni alipojua, au alipopaswa kujua, jambo linalomlalamisha, na barua iliyolala ofisini kwa wiki nzima haiwezi kumjulisha mtu chochote. Pingamizi likatupwa. Mama yule hakusoma sheria hata siku moja. Alijifunza kuandika tarehe kwa sababu aliwahi kudhulumiwa na msambazaji wa saruji.

Suala lenyewe halikuchukua muda mrefu. Wajumbe walitaka waonyeshwe ni wapi katika nyaraka za zabuni pameandikwa kwamba uzoefu uwe wa madarasa. Mkuu wa kitengo alifungua kurasa, akafunga, akafungua tena, kisha akakiri kwamba hapakuandikwa, ila ndivyo kamati ilivyoelewa. Nilimhurumia, kwa kweli. Hakuwa mjumbe wa kamati ile, na alikuwa akitetea sentensi ambayo hakuiandika.

Uamuzi ulitoka mwishoni mwa Juni na ulikubaliana nasi katika yote mawili: kigezo kilichotuondoa hakikuwemo kwenye nyaraka, na notisi haikutoa sababu kama inavyotakiwa. Kisha ukafika mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Zabuni zilifunguliwa tarehe 7 Februari, na muda wa uhai wake, yaani muda ambao zabuni na bei yake huendelea kumfunga mzabuni, ulikuwa siku 120. Siku hizo ziliisha mwanzoni mwa Juni, wakati rufaa bado inasikilizwa, na halmashauri haikuwa imewaomba wazabuni waongeze muda. Zabuni iliyokufa haiwezi kutathminiwa upya. Kwa hiyo, badala ya kuamuru tathmini irudiwe, Mamlaka iliamuru mchakato wote uanze tena kwa kufuata sheria, na kila upande ubebe gharama zake.

Mzee alinitazama. "Tumeshinda nini, binti yangu?" Sikuwa na jibu la haraka. Siku hizi huwaambia wote wanaoniomba ushauri kwamba siku wanayopeleka malalamiko wahesabu pia siku zilizobaki za uhai wa zabuni, na kama ni chache, waiandikie taasisi nunuzi kuikumbusha iombe nyongeza kabla hazijaisha. Kukata rufaa peke yake hakuongezi uhai huo. Nimeona mashauri kadhaa yaliyoshinda kwa hoja yakaishia pale pale tulipoishia sisi.

Kuna lawama moja ninayoichukulia kwa uzito. Wanafunzi waliokuwa wakisubiri madarasa yale waliendelea kubanana kwa miezi zaidi kwa sababu yetu, au ndivyo ilivyosemwa katika kijiji kile. Nimelifikiria sana. Ninaamini ucheleweshaji ulianza siku kamati ilipotumia kigezo kisichokuwepo, na ukaongezwa na barua ya mstari mmoja, kwa kuwa kama sababu ingeandikwa kwa ukamilifu tarehe 12 Aprili na kutufikia siku hiyo, mkurugenzi angeweza kuona kosa na kulirekebisha ndani ya wiki mbili bila ya mtu yeyote kwenda Dar es Salaam. Hata hivyo sitasema kwamba watoto wale hawakulipa. Walilipa.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Namba 10 ya mwaka 2023, ilianza kutumika tarehe 17 Juni 2024, na zabuni sasa hupita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambao umeondoa bahasha, masanduku ya zabuni na vitabu vya dispachi. Notisi huingia kwenye akaunti ya mzabuni na mfumo huandika wenyewe saa na dakika. Ninafurahi kwamba hakuna tena atakayehitaji wino mwekundu. Lakini siku nazo zimepungua: kutoka saba za kazi hadi tano. Wapo wanaoliona hilo ni jambo jema kwa miradi, na mimi sipingi siku chache zenyewe. Ninapinga siku chache pamoja na sababu chache. Siku tano zinamtosha mtu aliyeelezwa kwamba cheti kilicho ukurasa wa 64 kimepitwa na muda. Hazimtoshi aliyeambiwa tu kwamba hakukidhi vigezo, kwa sababu atazimaliza akitafuta kujua analalamikia nini.

Kwa majirani zetu wa Kenya njia ni tofauti kidogo. Sheria yao ya mwaka 2015 inampa mzabuni siku 14 tangu apewe taarifa ya tuzo, naye huenda moja kwa moja kwenye bodi ya mapitio bila kupitia kwanza kwa afisa aliyefanya uamuzi, na bodi hiyo inapaswa kuamua ndani ya siku 21. Zamani niliona kwamba wao wamefanya vyema zaidi, kwani kumpelekea mtu malalamiko dhidi ya uamuzi wake mwenyewe ni kumfanya hakimu katika kesi yake. Nimelegeza msimamo huo. Ile hatua ya kwanza, pamoja na udhaifu wake, ndiyo iliyotupatia sababu ya kweli, na bila hiyo tungekwenda Dar es Salaam mikono mitupu. Ningependa tu afisa masuuli anapojibu malalamiko asiwaachie waliofanya tathmini wamwandikie jibu lake.

Na kama mkataba umeshasainiwa na kuanza kutumika, njia hubadilika: chini ya sheria ya 2011 malalamiko hayakuwa tena ya afisa masuuli bali yalikwenda moja kwa moja kwenye Mamlaka, na kwa desturi kilichobaki kupiganiwa ni fidia tu, kwa kuwa nyumba iliyofika kwenye linta haibomolewi. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka alikuwa na siku 14 za kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio. Sisi hatukufika huko.

Zabuni ya madarasa ilitangazwa upya mwezi Agosti. Mzee alisita, kisha akasema tuombe. Safari hii nyaraka zilieleza uzoefu unaotakiwa kwa maneno yasiyo na utata, na mabweni na zahanati zilitajwa kwa majina miongoni mwa kazi zinazokubalika. Nilipoona hivyo nilifunga ofisi mapema siku hiyo na kwenda nyumbani kumwambia mume wangu.

Hatukuipata. Notisi ilikuja baada ya wiki kadhaa, safari hii siku mbili tu baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, nayo ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Kila mzabuni aliyeshindwa alielezwa kasoro yake. Kuhusu sisi iliandikwa kwamba nyaraka zilitaka fundi sanifu wa eneo la kazi awe na uzoefu usiopungua miaka mitano tangu ahitimu, na kwamba fundi tuliyempendekeza, kwa mujibu wa cheti kilichopo ukurasa wa 71 wa zabuni yetu, alihitimu mwaka 2015. Nilikwenda kabatini nikatoa nakala yetu, nikafungua ukurasa wa 71. Fundi wetu wa siku zote alikuwa ameacha kazi mwezi Julai, na mimi ndiye niliyeweka cheti cha aliyemrithi bila kurudi kukilinganisha na sharti.

Nilimpelekea Mzee barua na nakala ile ya cheti, nikaviweka mezani sambamba. Alivaa miwani, akasoma taratibu akifuatisha kwa kidole, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akaniuliza kama siku saba zimekwisha kuanza kuhesabiwa. Nikamjibu kwamba zinaanza kesho asubuhi. Akatikisa kichwa, akaikunja barua mara mbili, akaiweka kwenye faili, akaniuliza kama nimeshaona tangazo la kituo cha afya lililotoka jana.